Udongo wa Ruiru ulizaa dawa ya kisukari: Wa kwenu umebeba nini?

Ukipanda matatu ya Thika Road ukashuka Ruiru, utakaribishwa na maghorofa, steji iliyojaa, maduka ya simu na vijana wa boda wakigombania wateja. Ni vigumu kuamini kwamba eneo hilo lilitoa kitu kinachowafaa wagonjwa wa kisukari kuanzia Ujerumani hadi Uchina. Sizungumzii kahawa, ingawa Ruiru ina jina kubwa kwa kahawa. Nazungumzia bakteria.

Jina lake la kisayansi ni Actinoplanes, na kitambulisho chake cha maabara ni SE50. Alipatikana kwenye sampuli ya udongo kutoka Ruiru zaidi ya miaka 50 iliyopita, akaishia katika maabara za kampuni ya dawa ya Bayer, Ujerumani. Huko ikagunduliwa kwamba anatengeneza kemikali iitwayo akabosi.

Kazi yake ni hii. Ukila ugali, wanga wake huvunjwavunjwa tumboni na kuwa sukari. Akabosi huchelewesha kazi hiyo kwenye utumbo mwembamba, kwa hivyo sukari haipandi damuni kwa kishindo. Dawa hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1990 kwa jina Glucobay. Ina kasoro moja maarufu: ule wanga ambao haukuvunjwa huenda kuchacha mbele zaidi, na mgonjwa akajaa gesi. Lakini inafanya kazi, na hadi leo hutengenezwa kwa kufuga vizazi vya bakteria huyo kwenye matangi makubwa.

Kabla hujafunga ukurasa huu ukidhani ni somo la baiolojia la kidato cha pili, tulia kidogo. Huyo ni bakteria mmoja, kutoka kiganja kimoja cha udongo, uliochotwa wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa na mashine ya kusoma DNA yake. Leo mashine zipo. Je, udongo unaokanyaga kila siku umebeba wangapi kama yeye? Na ni nani anayewasoma?

HARUFU UNAYOIJUA TAYARI

Unaijua ile harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi baada ya kiangazi? Tunaiita harufu ya udongo. Sehemu kubwa yake ni kemikali iitwayo jiosmini, na miongoni mwa watengenezaji wake wakuu ni bakteria wa ukoo wa Streptomyces. Kwa hivyo pua yako imekuwa ikiwanusa tangu utotoni, hata kama hamjawahi kujulishana.

Ukoo huo ndio uliotupa sehemu kubwa ya antibiotiki zinazotumika hospitalini. Mwaka 1943 Albert Schatz, kijana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alipata streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongo. Ndiyo antibiotiki ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ugonjwa ambao hadi leo unatusumbua hapa Kenya. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ikamwendea bosi wake, Selman Waksman, peke yake. Schatz alikuwa tayari ameenda kortini kupigania atambuliwe kama mgunduzi mwenza. Ukiwahi kufanya kazi mkubwa akapiga picha nayo, unamwelewa huyo msee.

Na kuna aivamektini, dawa ambayo wafugaji wetu wanaijua kwa kuua minyoo na kupe. Ilianzia kwa bakteria wa udongo wa Japani, na ikampa Satoshi Ōmura Nobel mwaka 2015, akigawana na wenzake.

Tatizo ni kwamba bonanza hilo lilikauka. Kwa miongo mingi watafiti walichota udongo, wakafuga bakteria, na mara nyingi wakajikuta wamekutana na walewale wa zamani. Huku nyuma bakteria wanaotuua wakajifunza kukwepa dawa. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu. Yaani tunahitaji dawa mpya, lakini njia ya zamani ya kuzitafuta ilikuwa imefika mwisho wa lami.

Kumbe hatukuwa tumemaliza udongo. Tulikuwa tunautazama kupitia tundu la sindano.

SAHANI ILIYOFICHA WENGI

Chota udongo kwa ncha ya kijiko, kama gramu moja hivi. Ndani yake kunaweza kuwa na bakteria bilioni moja na zaidi. Njia ya zamani ya kuwajua ilikuwa kuuchanganya udongo na maji, kumwaga tone kwenye sahani ya maabara yenye chakula, kisha kusubiri waote kama madoa.

Lakini walioangalia udongo huohuo kwa hadubini waliona jambo la ajabu. Kwenye hadubini bakteria walikuwa wamejaa telele. Kwenye sahani waliota wachache sana, mara nyingi karibu asilimia 1 tu, au hata chini ya hapo. Wengine wote walikuwa hai, lakini walikataa kukua.

Sababu zipo. Wengine wamezoea njaa, chakula kingi kinawaua. Wengine hukua polepole, na kabla hawajaonekana wenye mbio wameshajaza sahani. Wengine hawaishi bila jirani anayewapa kitu fulani. Ni kama kutaka kujua wakazi wa Nairobi kwa kuhesabu waliokuja kula nyama choma ya bure. Utapata watu, ndiyo, lakini hutapata mlinzi aliye zamu, wala mama aliyelala na mtoto, wala yule jirani asiyetoka nje.

Mtu aliyetuonyesha ukubwa wa tatizo hilo ni Vigdis Torsvik, mtafiti wa Norway. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Hawakufuga bakteria. Waliwatenganisha na udongo wa msituni, wakatoa DNA ya wote kwa pamoja, wakaipasha joto mpaka nyuzi zake mbili zikaachana, halafu wakapima inachukua muda gani kwa kila uzi kumpata mwenzake tena.

Kuelewa hesabu yao, fikiria Gikomba. Ukimwagiwa mzigo wa soksi zote nyeusi za saizi moja, utazipanga jozi kwa dakika chache. Ukimwagiwa mzigo ambao kila jozi ina rangi yake, utakesha. Muda wa kutafutana unakuambia aina ziko ngapi. DNA ya ule udongo ilikesha. Torsvik na wenzake walikadiria kwamba ilikuwa na jenomu tofauti zipatazo 4,000, na kwamba utofauti huo ulikuwa karibu mara 200 ya ule wa bakteria waliofanikiwa kuwafuga kutoka udongo huohuo.

NAMBA YA GARI YA BAKTERIA

Kujua kwamba wako aina maelfu ni jambo moja. Kumjua kila mmoja kwa jina ni lingine. Hapo ndipo inaingia jeni iitwayo 16S, ambayo ina herufi takriban 1,500 za DNA na hupatikana kwa kila bakteria, kwa sababu ni sehemu ya mtambo wa kutengeneza protini. Mmarekani Carl Woese ndiye aliyetangulia kutumia molekuli ya jeni hiyo kuchora ukoo wa viumbe, na mwaka 1977, pamoja na George Fox, akaonyesha kundi zima la vijidudu, arkea, ambalo hapo awali lilichanganywa na bakteria.

Kwa nini 16S? Tazama namba za magari hapa kwetu. Gari la kawaida la mtu binafsi linaanza na K. Hiyo K haikuambii gari ni la nani, lakini inakuambia hii ni namba ya Kenya, shika hapa. Herufi na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha Probox ya mama mboga na gari la mheshimiwa. Jeni ya 16S imeumbwa hivyohivyo. Ina vipande ambavyo karibu havibadiliki kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na katikati yake vipande tisa vinavyobadilika sana. Vile visivyobadilika ndivyo mashine inavyoshikilia. Vinavyobadilika ndivyo vinavyotaja mwenyewe.

Basi kazi yenyewe inaenda hivi.

Kwanza unachota udongo na kuuweka kwenye baridi ili waliomo wasibadilike njiani. Pili, unauweka kwenye kichupa chenye shanga ndogondogo na dawa, unautikisa kwa nguvu mpaka kuta za bakteria zinapasuka na DNA inamwagika. Tatu, unaisafisha. Hapa udongo ni msumbufu kuliko damu au mate, kwa sababu ile rangi yake ya kahawia hutokana na asidi za mboji ambazo huzuia hatua inayofuata isifanye kazi.

Hatua hiyo ni PCR. Ndiyo, ni ileile uliyoisikia wakati wa korona, ulipochokonolewa puani. PCR hunakili kipande cha DNA, kila mzunguko ukiongeza idadi maradufu. Anza na shilingi moja, iongeze maradufu mara 30, utakuwa na zaidi ya bilioni moja. Ndivyo kipande kidogo cha 16S kinavyokuwa kingi cha kutosha kusomwa. Na hata hapo kuna deni kwa vijidudu. Kimeng'enya kilichoifanya PCR iwe rahisi kilitoka kwa bakteria anayeitwa Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani.

Mwisho, nakala hizo huingizwa kwenye mashine ya kusoma DNA, inayotoa faili yenye mamilioni ya mistari ya herufi A, C, G na T. Kompyuta huzipanga kwa kufanana, kisha huzilinganisha na hifadhidata za dunia. Huyu tunamjua. Huyu ni binamu ya fulani. Huyu hatujawahi kumwona.

Na hao wa mwisho, bana, ni wengi.

BUSTANI YA MJINI ILIYOWASHANGAZA

Unadhani utajiri huo uko msituni tu? Mwaka 2014 kikundi cha watafiti kilichapisha matokeo ya sampuli 596 za udongo kutoka Central Park, bustani iliyo katikati ya New York, ambako watu hukimbia, hula vitafunio na hutembeza mbwa. Walipata zaidi ya aina 167,000 za viumbe wadogo, bakteria wakiwa wengi mno. Sehemu kubwa ya aina hizo haikuwa kwenye hifadhidata yoyote. Walipolinganisha na udongo kutoka majangwa, misitu na mbuga za dunia, bustani hiyo moja ilikaribia kuwa na utofauti sawa na wa sehemu hizo zote.

Sasa fikiria Uhuru Park, Arboretum, Karura, au ule udongo mweusi unaoganda kwenye viatu vyako mvua ikinyesha.

Utafiti mwingine ulipindua dhana tuliyozoea. Tumelelewa tukijua kwamba kadiri unavyokaribia ikweta, ndivyo viumbe vinavyozidi kuwa vya aina nyingi. Mwaka 2006 Noah Fierer na Robert Jackson walilinganisha sampuli 98 za udongo kutoka Amerika Kaskazini na Kusini. Kilichoeleza utofauti wa bakteria vizuri zaidi si joto wala umbali kutoka ikweta, bali asidi ya udongo. Udongo usio na asidi wala magadi mengi ulikuwa na aina nyingi. Ule wenye asidi kali wa msitu wa Amazon, Peru, ulikuwa na chache.

Jambo hilo linatugusa moja kwa moja. Maeneo mengi ya magharibi mwa Kenya na yale ya majani chai yana udongo wa asidi, na wakulima wamekuwa wakihimizwa kuupima na kuweka chokaa ya kilimo. Ukirekebisha asidi hujasaidia mahindi pekee. Umebadilisha jamii nzima iliyo chini yake, wakiwemo wanaogeuza mboji kuwa chakula cha mmea.

Huhitaji maabara kuona baadhi yao kazini. Ng'oa mmea wa maharagwe taratibu, utaona vifundo kwenye mizizi. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria waitwao rhizobia wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kumpa mmea bila risiti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza bidhaa ya bakteria hao, Biofix, ambayo huuzwa kwa pakiti kama mbegu. Hiyo ni mbolea iliyo hai.

DNA HAISEMI KILA KITU

Usichukuliwe na msisimko lakini. Njia hizi zina mipaka, na mtu akikuuzia majibu rahisi, shika mfuko.

DNA hubaki hata mwenyewe akifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa wastani karibu asilimia 40 ya DNA ya bakteria na kuvu kwenye udongo uliopimwa ilitoka kwa seli ambazo hazikuwa nzima tena. Ni kama rejista ya wapiga kura yenye majina ya marehemu, jambo ambalo Mkenya halihitaji maelezo marefu.

Pia bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala moja ya 16S na mwingine zaidi ya kumi, kwa hivyo anayeonekana wengi huenda si wengi. Halafu namba ya gari inakuambia gari ni lipi, haikuambii limebeba nini. Kujua mzigo, lazima usome jenomu nzima.

Njia ya kufanya hivyo ni kuacha 16S na kusoma DNA yote iliyo kwenye udongo. Chukua magazeti yote ya muuzaji mmoja, yakatekate vipande vya maneno kumi kumi, uyachanganye, kisha uambie kompyuta iyarudishe kurasa zake kwa kuangalia maneno yanayoingiliana. Ni kazi noma, hasa kwa udongo, ambao una magazeti maelfu kwa wakati mmoja. Lakini inawezekana, na imeanza kulipa.

Mwaka 2018 kikundi cha Sean Brady wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kilitangaza antibiotiki mpya iitwayo malasidini. Walipitia DNA ya sampuli za udongo takriban 2,000, nyingi zikiwa zimetumwa na raia wa kawaida kutoka pembe mbalimbali za Marekani. Walitafuta kipande cha jeni chenye alama ya familia fulani ya antibiotiki. Walipompata mgeni, wakatoa jeni zake kwenye udongo wa jangwani, wakazipandikiza ndani ya bakteria mwingine anayefugika, naye akawatengenezea dawa. Ilitibu vidonda vya panya vyenye bakteria sugu. Bado si dawa ya hospitalini, lakini ona kilichotokea: hakuna mtu aliyewahi kumfuga yule bakteria wa asili. Walisoma maandishi yake, wakayatekeleza kwingine.

Hapo ndipo mambo yanapobadilika kwako na kwangu.

UDONGO UMEGEUKA FAILI

Zamani aliyetaka bakteria wa Ruiru alilazimika kusafiri na udongo wa Ruiru. Kulikuwa na mfuko, begi na uwanja wa ndege. Leo udongo ukishasomwa unakuwa faili. Faili haipigwi muhuri uwanja wa ndege. Jenomu ya ukoo wa bakteria wetu wa Ruiru ilisomwa yote na kuchapishwa Ujerumani mwaka 2012: herufi zaidi ya milioni 9.2, jeni zaidi ya 8,000. Ukiwa na bando unaweza kuipakua usiku wa leo, bure.

Mwaka 2006 ripoti ya mashirika mawili, Edmonds Institute la Marekani na African Centre for Biosafety la Afrika Kusini, iliitaja Ruiru miongoni mwa mifano ya mali ya viumbe wa Afrika iliyonufaisha wengine bila ushahidi wa mgao kurudi nyumbani. Tuwe wakweli: udongo ulipochukuliwa hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliosema nchi ina haki juu ya viumbe wake. Mkataba huo ulianza kutumika Desemba 1993. Kwa hivyo si rahisi kusema sheria ilivunjwa. Lakini kitu kinaweza kuwa halali na bado kikakuachia uchungu.

Tangu hapo tumejenga uzio. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka anayetaka viumbe vya kijenetiki vya Kenya apate kibali cha NEMA, na utafiti wenyewe uwe na leseni, siku hizi ya NACOSTI. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaipa serikali jukumu la kulinda rasilimali za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa ilianza kutumika Oktoba 2014, Kenya ikiwa ndani. Na si maneno matupu: mwaka 2007 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafutaji wa vijidudu katika maeneo linayoyalinda.

Ila uzio huo ulijengwa kuzuia mifuko, si faili. Mataifa yamekuwa yakivutana kwa miaka kuhusu hilo. Mwaka 2024, mjini Cali, Colombia, yalikubaliana kuwe na mfuko wa pamoja, uliozinduliwa Februari 2025. Kampuni kubwa zinazovuna faida kutokana na data ya DNA zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya pesa iwafikie wenyeji na jamii za asili. Neno la kushika hapo ni "zinatarajiwa". Ni hiari.

Sasa wewe unaweza kuamua kukasirika, na una haki. Lakini hasira haisomi DNA. Mfuko wa Cali hata ukijaa, utagawa asilimia. Aliyesoma udongo, akaelewa, akatengeneza kitu, ndiye anayebaki na zilizosalia.

UNAINGILIA WAPI?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sikupi hotuba ya profesa. Nakuambia nilichokiona: nusu ya kazi hii haifanyiki kwa koti jeupe. Inafanyika kwa laptopu.

Faili za DNA ya udongo kutoka kila pembe ya dunia zimewekwa wazi kwenye hifadhidata za umma za Marekani, Ulaya na Japani. Programu za kuzichambua, kama QIIME 2, hutolewa bure. Galaxy hufanya kazi ndani ya kivinjari, na kompyuta zao ndizo zinazobeba mzigo, hivyo laptopu yako ya mitumba haitachemka. Ukijua Python au R kidogo, tayari una mguu mlangoni. Ujuzi unaoutumia kuchambua data ya mauzo ndio unaotumika kuchambua data ya bakteria. Kinachobaki ni kujifunza biolojia inayoeleza zile namba zinamaanisha nini, na hiyo usiidharau.

Vifaa navyo vinazidi kuwa vidogo. Kuna kisomaji cha DNA kiitwacho MinION, kinachoshikika kiganjani na kuchomekwa kwenye laptopu. Na usidhani mambo haya yako ng'ambo pekee. Pale ILRI, Nairobi, kuna maabara za kusoma DNA. Wakati wa korona, watafiti wa Kilifi walikuwa wakisoma jenomu za virusi hapahapa nchini. Profesa Hamadi Boga, ambaye wengi walimfahamu alipokuwa katibu katika wizara ya kilimo, ni mtaalamu wa vijidudu aliyetafiti bakteria wa matumbo ya mchwa na maziwa yetu ya magadi, akifundisha JKUAT. Na JKUAT iko Juja. Ukitoka Ruiru, ni mwendo wa dakika chache kwa matatu.

Onyo moja: usianze kufuga bakteria wa udongo jikoni kwa mama. Humo ndimo anamoishi hata yule wa pepopunda. Kufuga kuna maabara zake na sheria zake. Kusoma faili hakuna hatari hiyo.

Na kama sayansi si njia yako kabisa, bado una kazi. Siku ukiona watu wakichota udongo shambani kwa nyanya yako, au kando ya ziwa kijijini kwenu, waulize kwa heshima maswali manne. Kibali cha NEMA kiko wapi? Leseni ya NACOSTI je? Faili za DNA zitahifadhiwa wapi, na zitaandikwa kwamba zilitoka hapa? Na kati ya watakaozisoma, Wakenya ni kina nani?

Watafiti wazuri hawatakasirika. Wengi watakujibu, na pengine wakuonyeshe wanachofanya. Ukisikia swali la nne halina jibu, hapo ndipo kuna nafasi, na huenda ni yako.